Kiunganishi kinapokataa vigeu vya uzi: mwongozo kamili wa kulisoma kosa na kulirekebisha

Msimbo umekompailiwa bila hata onyo moja. Kila faili la `.c` limezaa `.o` yake. Kisha, katika hatua ya mwisho kabisa, kiunganishi (linker, zana inayounganisha mafaili ya `.o` kuwa programu moja) kinatoa mstari huu na kusimama:

```
/usr/bin/ld: mteja: TLS definition in risiti.o section .tbss mismatches non-TLS reference in chapa.o
```

Hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Wanafungua `risiti.c`, wanaona neno `__thread` wasilolielewa, wanalifuta, programu inaungana, wanaipeleka kazini. Nimefanya kazi mahali ambapo hilo lilitokea. Ilikuwa programu ya kuchapa risiti, yenye nyuzi (threads) kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, na kigeu `mteja` kilishika mteja anayehudumiwa na kila uzi. `__thread` ilipofutwa, mteja akawa mmoja kwa nyuzi zote. Majaribio yalipita vizuri, maana aliyejaribu alikuwa mtu mmoja kwenye kompyuta moja. Mwisho wa mwezi, foleni ilipojaa, mama mmoja alipewa risiti yenye kiasi chake na jina la mtu mwingine. Tulihangaika siku tatu kabla ya kurudi kwenye zile alama nane zilizofutwa.

Kiunganishi kilikuwa kimesema kweli tangu mwanzo. Makosa ya aina hii karibu yote yana maana moja: mafaili mawili hayakubaliani kuhusu mahali kigeu kinapokaa. Kazi yako ni kujua ni mafaili gani, na lipi kati yao lina haki. Kulinyamazisha kosa si kulirekebisha.

Mifano yote hapa ni ya Linux kwenye prosesa za x86-64, kwa kompaila ya GCC, binutils za GNU (zana kama `ld`, ambacho ndicho kiunganishi, na `readelf`) na glibc, maktaba ya C ya GNU. Pale mambo yanapobadilika kwenye ARM, Android au macOS nitasema. Na tahadhari moja kabla hujaanza kutafuta mtandaoni: herufi TLS kwenye ujumbe huu (thread-local storage, yaani hifadhi ya kila uzi) hazihusiani kabisa na zile za usalama wa tovuti. Ukitafuta "TLS" peke yake utaletewa vyeti vya HTTPS mpaka uchoke. Tafuta ujumbe wenyewe, ukiacha majina ya mafaili yako.

## Kigeu cha uzi kinakaa wapi

Kigeu cha kawaida kilicho nje ya kazi (functions) zote kina anwani moja katika programu nzima. Kigeu cha uzi kina nakala moja kwa kila uzi, kwa hiyo hakiwezi kuwa na anwani moja. Kilicho nacho ni umbali kutoka mahali ambapo kumbukumbu ya uzi huo inaanzia.

Fikiria kampuni ya daladala. Ukisema "fedha ziko kwenye droo ya tatu ya meza ya ofisi," umetaja mahali pamoja tu, na yeyote atakwenda palepale. Ukisema "fedha ziko kwenye mfuko wa tatu wa koti la kondakta," hujakamilisha maelezo mpaka ujue ni kondakta yupi. Kwenye x86-64, swali la "kondakta yupi" linajibiwa na rejista ya `%fs`. Kwenye ARM ya biti 64 linajibiwa na `tpidr_el0`. Kompaila ikijua kwamba kigeu ni cha uzi, inaandika maelekezo ya kwenda kwenye koti. Isipojua, inaandika maelekezo ya kwenda kwenye meza ya ofisi. Ujumbe wa pale juu unasema hivyo hasa: `risiti.o` imeweka fedha kwenye koti, na `chapa.o` inakwenda kuzitafuta kwenye droo.

Ndani ya faili la `.o`, vigeu vya uzi vyenye thamani ya kuanzia hukaa kwenye sehemu inayoitwa `.tdata`, na vile vya sifuri hukaa kwenye `.tbss`. Hizi si kumbukumbu zenyewe, ni kiolezo tu: kila uzi unapozaliwa, kiolezo kinanakiliwa kwa ajili yake.

Kwenye C neno la kutangaza kigeu hiki ni `__thread`, ambalo ni la GCC na Clang, au `_Thread_local` la C11. Hayo mawili ni kitu kimoja. Kwenye C++ kuna `thread_local` ya tangu C++11, na hiyo haifanani na `__thread` kwa kila jambo. Tofauti yake tutaikuta chini.

## Hatua ya kwanza: yaulize mafaili ya .o

Usianze na msimbo. Msimbo unakuambia ulichokusudia, ila kiunganishi hakisomi makusudio, kinasoma `.o`. Chukua jina lililotajwa na uliulize kila faili linalohusika:

```
$ readelf -sW risiti.o | grep 'mteja$'
     3: 0000000000000000     4 TLS     GLOBAL DEFAULT    5 mteja
$ readelf -sW chapa.o | grep 'mteja$'
     5: 0000000000000000     0 NOTYPE  GLOBAL DEFAULT  UND mteja
```

Namba zako zinaweza kuwa nyingine. Tazama safu ya nne. Faili la kwanza linasema `TLS`, la pili linasema `NOTYPE`. `UND` maana yake faili hilo halina kigeu hicho, linakitafuta kwa wengine. Kama `chapa.c` ingekompailiwa kwa tangazo sahihi, safu hiyo ingesema `TLS` hata kwenye mstari wa `UND`. Kwa hiyo mwenye kosa hapa ni `chapa.o`.

Watu wengi hukimbilia `nm`. Kwa kazi hii haitoshi, kwa kuwa inaonyesha `D` au `B` kwa kigeu cha uzi sawasawa na inavyoonyesha kwa kigeu cha kawaida. Itumie `nm -A *.o | grep mteja` kupata orodha ya mafaili yanayolitaja jina, kisha `readelf` ikuambie ukweli wa kila moja.

Kama mradi wako ni mkubwa na amri zimefichwa, endesha `make V=1`, au `cmake --build . --verbose`, ili uone amri kamili ya kuunganisha. Tafuta mstari wa kwanza wa kosa, na usihangaike na wa mwisho. Mistari inayofuata mara nyingi ni matokeo tu ya ule wa kwanza.

## Ujumbe wa "mismatches"

Ujumbe huu una sura nne, kutegemea upande upi una kigeu na upande upi unakiita, lakini tiba inatafutwa kwa njia ileile. Kiunganishi cha LLVM, yaani `lld`, husema kwa ufupi `TLS attribute mismatch` na kutaja jina.

Mgonjwa wa kwanza kabisa katika kundi hili anaitwa `errno`, kigeu cha C kinachoshika namba ya kosa la mwisho:

```
/usr/bin/ld: errno: TLS definition in /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6 section .tbss mismatches non-TLS reference in soma.o
```

Ukikutana nao, jua unakompaili msimbo wa zamani. Enzi ambazo programu ilikuwa na uzi mmoja, watu waliandika `extern int errno;` kwa mkono wao, na ilifanya kazi. Leo kila uzi una `errno` yake, na glibc haikupi kigeu chenyewe. Inakupa kazi inayorudisha anwani yake: ndani ya `<errno.h>`, neno `errno` ni makro inayogeuka kuwa `(*__errno_location ())`. Tafuta matangazo ya zamani:

```
$ grep -rnE 'extern[[:space:]]+int[[:space:]]+h?_?errno' .
```

Futa kila mstari utakaoupata na uweke `#include <errno.h>` mahali pake. Kwa `h_errno` ni `<netdb.h>`. Basi. Nimeona watu wakijaribu kuandika `extern __thread int errno;` ili kumridhisha `ld`. Usifanye hivyo. Jina hilo ndani ya glibc ni la matumizi yake ya ndani na hukuahidiwa kwamba litabaki lilivyo. Na kama faili lenye tatizo ni maktaba tuli (`.a`, fungu la mafaili ya `.o`) uliyopewa bila msimbo wake, huna cha kuhariri: mtafute aliyeikompaili akupe toleo jipya.

Kama jina si `errno` bali ni la kwako, visababishi vya kweli ninavyovijua ni vitatu, na nitavipanga kwa jinsi ninavyovikuta mara kwa mara.

Cha kwanza ni `.o` iliyochakaa. Jana uliongeza `__thread` kwenye heda (faili la `.h`), `make` ikakompaili faili moja na kuliacha lingine kwa sababu Makefile haijui kwamba lile lingine nalo linaisoma heda hiyo. `make clean` itakuthibitishia, lakini dawa ya kudumu ni kuongeza `-MMD -MP` kwenye `CFLAGS` na mstari wa `-include $(OBJ:.o=.d)` mwishoni mwa Makefile. Hapo kompaila yenyewe itaandika ni heda zipi zinategemewa na nani.

Cha pili ni tangazo lililoandikwa mara mbili. Mtu hakutaka kusoma heda, akaandika `extern int mteja;` juu ya faili lake. Kigeu kilipogeuzwa kuwa cha uzi, heda ikabadilishwa na lile tangazo la pembeni likasahaulika. Kigeu kitangazwe kwenye heda moja tu, na faili linalokizaa nalo lisome heda hiyohiyo, ili kompaila igundue mgongano kabla ya kiunganishi.

Cha tatu ndicho kigumu, na ndicho kinachostahili muda wako. Miradi mingi inayokusudiwa kukompailiwa kwenye mifumo tofauti huwa na kitu kama hiki:

```c
#ifdef HAVE_TLS
#  define YA_UZI __thread
#else
#  define YA_UZI
#endif
extern YA_UZI int mteja;
```

`HAVE_TLS` inatoka kwenye `config.h`. Faili moja limesoma `config.h` kabla ya heda hii, lingine limeisoma baada yake au halikuisoma kabisa. Yote mawili yana `#include "mteja.h"`, yote mawili yanaonekana safi ukiyasoma kwa macho, na kila moja linapata tangazo tofauti. Usibishane na macho yako, muulize kompaila alichokiona:

```
$ gcc -E $CFLAGS risiti.c | grep -w mteja
extern __thread int mteja;
$ gcc -E $CFLAGS chapa.c | grep -w mteja
extern int mteja;
```

Chukua swichi zilezile zilizotumika kwenye ujenzi halisi, la sivyo utapata jibu la swali lingine. Ukishaona tofauti, isomwe `config.h` ndani ya `mteja.h` yenyewe, ili mpangilio wa `#include` usiwe na nguvu ya kubadilisha aina ya kigeu. Ugonjwa huohuo huja na sura nyingine pale maktaba `.a` ilipojengwa ikiwa na `HAVE_TLS` na programu yako ikajengwa bila.

## "undefined reference": jina halijapatikana

Kama jina lililokosekana ni la kigeu chako, fanya kama ungefanya kwa kigeu kingine chochote. Je, kuna faili moja lenye kigeu bila `extern`? Je, maktaba ya `.a` imewekwa baada ya mafaili yanayoihitaji kwenye amri? Je, maktaba ya `.so` (shirikishi, inayopakiwa programu inapoendeshwa) ilijengwa kwa `-fvisibility=hidden`, na jina hilo halikutolewa nje? Hapa hakuna geni.

Lililo geni ni jina hili:

```
undefined reference to `__tls_get_addr'
```

Hukuiandika kazi hiyo, kompaila ndiye aliyeiita. Ndiyo inayotumika kutafuta anwani ya kigeu cha uzi kilichomo kwenye maktaba inayopakiwa. Kwenye Linux yenye glibc haimo ndani ya `libc.so.6`, imo ndani ya kipakiaji chenyewe (kinachopakia programu na maktaba zake kwenye kumbukumbu), `ld-linux-x86-64.so.2`. Kwa kawaida hulioni jambo hili kwa sababu faili linaloitwa `libc.so` kwenye saraka ya maktaba za wajenzi si maktaba. Ni maandishi mafupi. Lifungue kwa `cat` ujionee: linamwambia kiunganishi achukue `libc.so.6`, `libc_nonshared.a`, na kipakiaji kikihitajika.

Kwa hiyo kosa hili linaonekana pale mtu anapoiruka njia ya kawaida. Ameita `ld` mwenyewe badala ya kumwachia `gcc`. Au ameandika njia kamili ya `/lib/.../libc.so.6` kwenye amri. Au ametumia `-nostdlib` na kuongeza maktaba moja moja. Rudi kwa `gcc` kama unaweza. Kama huwezi, ongeza faili la kipakiaji mwishoni mwa amri. Kwenye x86 ya biti 32 jina lina mistari mitatu ya chini mbele, `___tls_get_addr`, na wengi wanadhani ni kosa la uandishi. Si kosa.

Ukiona `__emutls_get_address` au jina linaloanza na `__emutls_v.`, umeingia kwenye mfumo mwingine kabisa, ambamo kompaila inaigiza vigeu vya uzi kwa kutumia kazi za kawaida. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Android kabla ya API ya 29, yaani Android 10. Faili lililokompailiwa kwa kuigiza linatafuta `__emutls_v.mteja`, lililokompailiwa kwa njia ya kweli lina `mteja`, na hayo mawili hayatakutana kamwe. Hakikisha maktaba zako zote zimejengwa kwa kiwango kimoja cha API na kompaila ileile.

## Rilokesheni ya TPOFF32: msimbo wa programu ndani ya maktaba

```
/usr/bin/ld: risiti.o: relocation R_X86_64_TPOFF32 against symbol `mteja' can not be used when making a shared object; recompile with -fPIC
```

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue kwamba kuna njia nne za kukifikia kigeu cha uzi, na kompaila huchagua moja. Ya haraka kuliko zote ni `local-exec`. Inafaa kwa programu yenyewe tu, kwa sababu nafasi ya programu kwenye kumbukumbu ya uzi inajulikana siku ya kuunganisha. Ifungue programu iliyokamilika kwa `objdump -d` na utaona kigeu kinasomwa kwa agizo moja:

```
mov    %fs:0xfffffffffffffffc,%eax
```

Namba ile ndefu ni -4: baiti nne kabla ya mahali `%fs` inapoelekeza. Imeandikwa moja kwa moja ndani ya agizo. Maktaba ya `.so` haiwezi kuandika namba kama hiyo, kwa sababu haijui itapakiwa pamoja na nani na nani atatangulia kuchukua nafasi. `R_X86_64_TPOFF32` ni rilokesheni, yaani ombi ambalo kompaila inamwachia kiunganishi, la kuandika namba hiyo, na ndiyo maana `ld` inalikataa kwenye `.so`. Kwenye ARM ya biti 64 utaona majina yanayoanza na `R_AARCH64_TLSLE`.

Njia ya `initial-exec` inasoma umbali kutoka kwenye jedwali linalojazwa programu inapoanza. `global-dynamic` inaita `__tls_get_addr`, na inafaa popote. `local-dynamic` ni ndugu yake, kwa vigeu vingi vilivyo ndani ya maktaba moja.

Ujumbe unakushauri ukompaili upya kwa `-fPIC` (msimbo unaofanya kazi popote utakapopakiwa), na ushauri huo ni sahihi. Shida ni kujua faili gani. Mara nyingi faili lililotajwa limetoka ndani ya `.a` iliyojengwa kwa ajili ya programu, na sasa mtu anaiingiza kwenye `.so`. Tafuta yote kwa mkupuo mmoja, usisubiri kiunganishi kikutajie moja moja:

```
$ readelf -rW libmalipo.a | grep -E '^File|_TPOFF32'
```

Kila `File:` inayofuatwa na `R_X86_64_TPOFF32` inahitaji kujengwa upya. Kwenye CMake, weka `POSITION_INDEPENDENT_CODE ON` kwenye maktaba tuli inayoingizwa ndani ya maktaba shirikishi.

Mtego uliopo hapa unawapata hata wazoefu. Debian tangu toleo la 9, na Ubuntu tangu 16.10, GCC yao hukompaili kwa `-fPIE` (ndugu wa `-fPIC`, ila kwa programu tu) bila kuambiwa. Kwa vigeu vya kawaida `-fPIE` na `-fPIC` hufanana vya kutosha hata baadhi ya `.o` zikaingia kwenye `.so` bila kelele. Siku unapoongeza kigeu cha kwanza cha uzi, ndipo kiunganishi kinapokataa, maana `-fPIE` inaruhusu `local-exec` na `-fPIC` hairuhusu. Mtu anaapa kwamba mradi huu umejengwa hivi miaka yote. Ni kweli, lakini siku zote hizo hapakuwa na kigeu cha uzi.

Kama `-fPIC` ipo na kosa bado lipo, tafuta `-ftls-model=local-exec` kwenye swichi, au `tls_model("local-exec")` kwenye msimbo, au faili la asembli lililoandikwa kwa mkono.

## Imeungana, lakini haipakiki

Kosa hili si la kiunganishi cha kujengea, ni la kipakiaji, ila mzizi wake ni uleule, na anayelipata huwa hana hata kompaila karibu:

```
libgomp.so.1: cannot allocate memory in static TLS block
```

Wanaotumia Python kwenye vibao vya ARM, kama Raspberry Pi, wanaufahamu vizuri mstari huu. Maktaba iliyojengwa kwa `initial-exec` inadai nafasi kwenye eneo lililotengwa tangu programu ilipoanza. Ikipakiwa katikati ya safari, kwa `dlopen` au kwa `import`, glibc huwa na akiba ndogo tu ya ziada, na wa mwisho kufika anaikuta imekwisha. Utaijua maktaba ya aina hiyo hivi:

```
$ readelf -d libmalipo.so | grep STATIC_TLS
```

Kwa mtumiaji, dawa ya haraka ni kuipakia mapema, ama kwa `LD_PRELOAD`, ama kwa kuiweka `import` yake juu ya nyingine zote. Kwenye glibc za sasa unaweza pia kuongeza akiba, ambayo bila kuguswa ni baiti 512:

```
$ GLIBC_TUNABLES=glibc.rtld.optional_static_tls=4096 python3 kazi.py
```

Kwa mjenzi wa maktaba, dawa ni kuondoa `-ftls-model=initial-exec` na kuiacha kompaila ichague. jemalloc, maktaba ya kugawa kumbukumbu, kwa mfano, ina swichi ya `--disable-initial-exec-tls` kwa ajili ya jambo hili hasa. Utapoteza kasi kidogo. Mimi naona maktaba inayopakika popote ni bora kuliko yenye kasi ambayo haifunguki, isipokuwa una vipimo mkononi vinavyosema vingine.

## C++: majina ambayo hukuyaandika

Kwenye C++, `thread_local` inaweza kuwa na kijenzi (constructor) kinachopaswa kuendeshwa uzi unapokigusa kigeu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtumiaji aliye kwenye faili lingine hakigusi kigeu moja kwa moja, anapitia kazi ndogo iliyotengenezwa na kompaila. Majina yake ni `_ZTW...` kwa kazi hiyo ndogo, ambayo nitaiita mlango, na `_ZTH...` kwa kazi ya kuanzisha:

```
$ c++filt _ZTW5mteja _ZTH5mteja
TLS wrapper function for mteja
TLS init function for mteja
```

Kosa la kila siku ni mwanachama tuli wa darasa aliyetangazwa na asizaliwe. Ndani ya darasa umeandika `static thread_local Mteja* wa_sasa;` na ukaishia hapo. Kwenye faili moja la `.cpp` lazima kuwe na mstari kamili, na neno `thread_local` lirudiwe:

```cpp
thread_local Mteja* Kikao::wa_sasa = nullptr;
```

Tangu C++17 unaweza kuandika `inline static thread_local` ndani ya darasa na kumaliza kazi hapohapo.

La pili hutokea pale C na C++ zinapokutana. Kigeu kimezaliwa kwenye faili la C kwa `__thread`, na upande wa C++ umekitangaza `extern "C" thread_local int mteja;`. Kwenye Linux GCC hutengeneza mlango kwa kila faili linaloutumia, hivyo kazi inaweza kwenda. Kwenye macOS Clang huutarajia mlango kutoka kwa faili lenye kigeu, na faili la C halijui habari za milango, basi unaambiwa `thread-local wrapper routine for mteja` haipo. Tangaza kwa `__thread` pande zote mbili, au kwenye C++20 ongeza `constinit` kwenye tangazo, na mlango hautahitajika.

Kama kigeu kinavuka mpaka wa maktaba, mimi sikitoi nje kabisa. Nakifanya `static` ndani ya faili moja na kutoa kazi ya kukifikia:

```c
static __thread int mteja;

int *mteja_wangu(void)
{
    return &mteja;
}
```

Ndiyo njia ileile ambayo glibc ilitumia kwa `errno`. Gharama ni mwito mmoja wa kazi. Faida yake ni kwamba hakuna faili lingine linalohitaji kujua kwamba kigeu ni cha uzi, kwa hiyo hakuna anayeweza kutofautiana na wewe kuhusu hilo.

## Hakikisha, usiamini kimya cha kiunganishi

Programu imeungana. Sasa thibitisha kwamba kila uzi una nakala yake kweli. Chapa anwani ya kigeu kutoka kwenye nyuzi mbili, na uhakikishe zote mbili ziko hai kwa wakati mmoja. Ukizianzisha moja baada ya nyingine, glibc inaweza kuupa uzi wa pili kumbukumbu ileile iliyoachwa na wa kwanza, anwani zikafanana, nawe ukadhani umeshindwa wakati umefaulu. Kizuizi cha `pthread_barrier` kinamaliza shaka hiyo:

```c
#include <pthread.h>
#include <stdio.h>

#include "mteja.h"

static pthread_barrier_t kizuizi;

static void *kazi(void *x)
{
    (void)x;
    pthread_barrier_wait(&kizuizi);
    printf("%p\n", (void *)&mteja);
    pthread_barrier_wait(&kizuizi);
    return NULL;
}

int main(void)
{
    pthread_t a, b;
    pthread_barrier_init(&kizuizi, NULL, 2);
    pthread_create(&a, NULL, kazi, NULL);
    pthread_create(&b, NULL, kazi, NULL);
    pthread_join(a, NULL);
    pthread_join(b, NULL);
    return 0;
}
```

Ikompaili kwa `gcc -pthread jaribio.c risiti.o -o jaribio`. Anwani mbili tofauti maana yake kila kondakta ana koti lake. Zikifanana, mtu amefuta `__thread` mahali fulani: rudi kwenye `readelf -sW`, safu ya nne.